Ndege ya Papa Ilivuta Kushoto

Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa, mama yangu alikuwa Butembo. Alikwenda kumzika dada yake, amebeba begi moja dogo na kitenge cha kubadilisha, kwa sababu alitarajia kurudi mara tu matanga yakimalizika. Vita vikashuka kutoka Rutshuru, vikapita Kibati, vikaingia mjini. Barabara ya kaskazini ikakatika, ndege zikaacha kutua, na mama akabaki upande wa pili wa vita pamoja na lile begi lake.

Papa alikuwa rubani. Karibu maisha yake yote ya kazi aliendesha ndege ndogo za injini mbili, akipeleka watu na mizigo Butembo, Beni, na kwenye viwanja vya udongo katikati ya msitu upande wa Walikale. Aliacha miaka michache kabla ya vita hivyo, au niseme aliachishwa. Mkono wake wa kuume ulianza kutetemeka, na siku ya kupimwa afya daktari aliuangalia mkono ule kwa muda mrefu, kisha hakutia sahihi. Papa alirudi nyumbani akaweka kofia yake juu ya kabati, akaomba chai. Hakulizungumzia tena jambo hilo mbele yetu watoto.

Lakini masikio yake hayakustaafu. Nyumba yetu iko Katindo, si mbali na kambi la wanajeshi, na kila ndege iliyopita juu yetu papa aliinua kichwa akaitaja ni ya namna gani, imebeba mzigo mzito au mwepesi, na kama rubani wake ana haraka. Mama alikuwa akimwambia, "Kula, papa, fufu iko inapoa." Baada ya uwanja kufungwa, anga ikanyamaza. Tulisikia pikipiki, tulisikia risasi za mbali, tulisikia kengele ya misa, lakini juu hakukuwa na kitu. Mara nyingine nilimwona papa akiinua kichwa kwa mazoea tu, akasubiri, akakiinamisha tena.

Nilikuwa nikiishi nao. Nafundisha kompyuta katika shule moja ya sekondari, na wakati huo shule ilikuwa imefungwa, madarasa yamejaa wakimbizi. Hata sisi, katika chumba kilicho nyuma ya nyumba, tulimpokea mama mmoja wa Rutshuru na watoto wake. Alikuwa ameshakimbia mara mbili: kwanza kutoka kwake hadi kambini Kibati, kisha kutoka kambini hadi kwetu. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mikono isiyotulia. Ukimwacha peke yake uani kidogo tu, unakuta ameshafagia.

Kila mtandao uliporudi, papa alimpigia mama. Mimi nilikuwa nikipika, kwa hiyo niliyasikia mazungumzo yao yote, nayo yalikuwa yaleyale.

"Uko nakula?" mama aliuliza.

"Niko nakula."

"Nani anapika?"

"Mutoto."

"Haya, uko nakula vibaya."

Wakacheka kidogo. Kisha hakuna aliyetaka kukata simu. Papa alisema, "Bibi yangu, barabara ikifunguka tu, nitakuya kukuchukua." Mama akajibu, "Na nini? Huna ndege." Papa akasema, "Nitapata."

Ilikuwa baada ya simu mojawapo ya hizo nilipokumbuka katoni iliyokuwa chini ya kitanda chao. Rubani mmoja mgeni, rafiki yake wa kazi, alipokuwa akirudi kwao moja kwa moja alimwachia papa kompyuta iliyokuwa na mchezo wa kurusha ndege, pamoja na joistiki yake: kijiti cha kushikwa mkononi, kilichosimama juu ya kitako cha plastiki, chenye vitufe na kishikio kidogo cha kuongezea gazi, yaani nguvu ya injini. Papa hakuwahi kuifungua. Alisema yeye si mtoto wa kucheza.

Niliiweka mezani asubuhi moja umeme ulipokuja. Papa alikaa barazani akijifanya hanioni. Nilipoandika neno Goma na ziwa likatokea kwenye kioo, nilisikia kiti chake kikiburutwa sakafuni.

Ilikuwa Goma yetu na haikuwa yetu. Ziwa lilikuwa mahali pake, volkano yetu, Nyiragongo, ilikuwa mahali pake ingawa haikutoa moshi, lakini nyumba zilikuwa na mapaa mekundu ambayo sijawahi kuyaona katika mitaa yetu, Birere wala Majengo. Papa hakuangalia nyumba. Aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo, akifuata kwa kidole barabara ya kurukia ndege.

"Iko muzima," alisema. "Angalia. Iko muzima mpaka mwisho."

Lava ilipopita mjini miaka mingi nyuma ilimeza kipande cha barabara ile, na tangu hapo marubani walitua kwenye kipande kilichobaki. Huyo aliyechora Goma ya kwenye kompyuta aliichora kabla.

"Huku volkano haijatoka," papa alisema, akakaa.

Alishika manshi. Ndivyo alivyoiita joistiki, kama Wafaransa wanavyoita fimbo ya kuongozea ndege. Kabla hajaongeza gazi, ndege ikaanza kugeuka yenyewe kushoto, ikatoka kwenye lami, ikaingia kwenye majani, ikainamisha pua.

"Hii ndege iko inanivuta kushoto."

"Papa, achilia manshi kwanza."

"Nimeiachilia."

Kweli alikuwa ameiachilia. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya magoti, na ndege iliendelea kujikokota kushoto kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Nilifungua ukurasa wa kupimia joistiki. Pale kuna kisanduku cheupe chenye msalaba mdogo ndani yake. Ukiiacha joistiki isimame yenyewe, msalaba unapaswa kutulia katikati. Wetu ulikuwa umejibana kwenye kona ya juu kushoto, ukirukaruka. Maana yake ni kwamba kompyuta iliamini kuna mkono unasukuma manshi upande ule, wakati hakukuwa na mkono. Dawa ya kwanza ni kuifundisha upya: unaizungusha mpaka mwisho pande zote ili ijue mipaka yake, kisha unaiachilia ili ijue katikati ni wapi.

"Zungusha, papa. Polepole, mpaka mwisho, kama unakoroga bugali."

"Mimi sikoroge bugali. Niko naendesha ndege."

Lakini alizungusha. Msalaba ukaja katikati, tukafurahi, na kabla chai haijapoa ukaanza tena kuteleza kwenda konani kwake.

Nikakifungua kitako. Nilikuta nilichokitarajia: lile vumbi letu jeusi la volkano, ambalo linaingia hata ndani ya saa iliyofungwa. Chini ya kijiti kuna vidude viwili vinavyozunguka pamoja nacho, na ndivyo vinavyoiambia kompyuta mkono uko wapi. Vilikuwa vimejaa vumbi, kwa hiyo vilikuwa vikisema uongo. Mama wa Rutshuru alikuwa amesimama mlangoni akitaka kuchomeka simu yake. Aliona ninavyohangaika na ncha ya leso, akaenda akaniletea pamba. Nikaichovya kwenye pombe ya dawa, nikasafisha polepole, nikaacha vikauke, nikafunga skrubu. Msalaba ukatulia katikati.

Baada ya hapo tukagundua kwamba gazi ilikuwa kinyume. Papa alisukuma kishikio mbele kama alivyosukuma maisha yake yote, na injini zikazimika. Alikivuta nyuma, zikanguruma. Aliniangalia kama vile mimi ndiye niliyeharibu dunia. Nilimwonyesha mahali pa kugeuza, alama moja tu ya kuweka, na injini zikakubali kumtii.

Ndege ikaruka. Ilipanda juu ya ziwa, kwa sababu pale mlima uko kaskazini na rubani mwenye akili anaondoka kuelekea majini, halafu anageuka. Lakini ilipanda ikiyumba, bawa moja chini, bawa jingine chini, na bado ilikuwa ikivuta kushoto. Sikuhitaji kufungua ukurasa wowote kujua sababu. Nilikuwa nikiuangalia mkono wake wa kuume ukitetemeka juu ya kijiti.

Kuna kipimo kingine kwenye mipangilio, na Wafaransa wanakiita zoni morte, sehemu iliyokufa. Ni eneo dogo pale katikati ambamo mkono ukicheza, ndege haisikii. Watu hulitumia kwa joistiki iliyozeeka. Papa alipokwenda kunawa mikono niliongeza eneo hilo, nikaongeza tena.

Aliporudi akaruka vizuri. Alizunguka juu ya ziwa kama anayepita na sinia la glasi, akarudi, akatua. Nikapiga makofi. Yeye aliondoa mkono kwenye manshi.

"Umefanya nini?" akauliza.

"Nimesawazisha, papa."

"Hapana. Nikigusa kidogo, hainijibu. Nikigusa sana, inaamka na haraka. Umeipa usingizi."

Nikamweleza nilichofanya, na kwa nini. Nilidhani atakasirika. Alichukua kikombe chake kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kuume ungemwaga chai, akanywa.

"Toa," akasema. "Kama niko natetemeka, na yenyewe itetemeke. Ninataka kujua ni nani anaendesha."

Nikatoa. Kwa siku kadhaa aliruka akiyumba na kuanguka ziwani, na kila akianguka alisema "Haya," akaanza upya. Mimi nilikuwa nikiona aibu kumwangalia, nikawa natafuta kazi za jikoni.

Siku moja mtandao ulikuwa umekatika na tulikuwa tukiungoja ili apige simu Butembo. Papa alikuwa amekaa kwenye meza ya kulia, kompyuta imezimwa, amefumba macho. Nilidhani anasali. Kisha nikaona mikono yake. Wa kushoto ulikuwa umefumba juu ya kitambaa cha meza, umeshika kitu ambacho hakipo, ukivuta kidogo kuelekea kifuani, ukiinama kidogo. Wa kuume ulikuwa ukisukuma kitu kingine mbele, taratibu. Alikuwa anaruka. Na mkono wa kushoto haukutetemeka hata kidogo.

"Papa," nikamwuliza, "kwenye ndege ulishika usukani kwa mkono gani?"

Alifumbua macho, akanishangaa kama vile nimemwuliza anatafuna kwa upande gani.

"Kamanda wa ndege anakaa kushoto. Mukono wa kushoto kwa usukani, wa kuume kwa gazi. Tangu siku ya kwanza." Kisha akageuka kuiangalia ile joistiki, na mimi nikaiangalia. Ilikuwa imechongwa kwa mkono wa kuume: mahali pa kidole gumba palikuwa upande mmoja tu, na papa, mtu wa nidhamu, alikuwa ameishika inavyotaka yenyewe.

"Sasa sisi tulikuwa tunafanya nini siku zote hizi?" akasema, akaanza kucheka. Alicheka mpaka mama wa Rutshuru akachungulia.

Nikaihamishia upande wa kushoto wa kibodi. Gazi nikaitoa kwenye kile kishikio, nikaiweka kwenye vitufe viwili vya upande wa kuume, ambapo kidole kikitetemeka hakuna hasara kubwa. Kifundo cha mkono wa kushoto kilikaa vibaya kwenye kijiti kile, kikakisokota bila papa kutaka, na kumbe kijiti kikisokotwa ndipo mkia wa ndege unapogeuka. Hicho ndicho kilichobaki cha kuvuta kushoto. Nikaufuta usokotaji wote kwenye mipangilio na kuiachia kompyuta iuongoze mkia yenyewe. Mwisho nikakata mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, nikazungushia kijiti ili uvimbe wake usimuumize kiganja.

Akakaa. Akaongeza gazi. Ndege ikaenda katikati ya mstari, ikanyanyuka, ikageuka juu ya ziwa kwa bawa lililotulia. Sikuwa nimewahi kumwona papa akiendesha, maana watoto hatukuruhusiwa kukaa mbele. Nilikuwa ninamwona kwa mara ya kwanza, nyumbani, amevaa kandambili. Uso wake ulikuwa wa mtu mwingine. Ulikuwa uso wa kijana ambaye mama yangu alimkubali.

"Tunaenda wapi?" nikauliza.

"Butembo," akajibu. "Kwani kwingine wapi?"

Aliipita Nyiragongo ikiwa kushoto kwake, akanionyesha Kibati chini, ingawa mimi niliona kijani tu na mstari wa barabara. Mama wa Rutshuru alikuwa ameingia na simu yake. Alisimama nyuma yetu, na kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu mikono yake ilitulia.

"Papa," akauliza, "hiyo barabara ni ile ya kwetu?"

"Njo hii, ndiyo yenyewe, mama. Ukiifuata unafika."

"Unaweza kupita kwetu?"

Papa aliinamisha bawa, akaifuata barabara, akashuka. Yule mama akataja kanisa, akataja daraja, akataja kilima chenye mikaratusi, na papa alikata kona pale alipomwambia, ingawa kwenye kioo hakukuwa na kanisa wala daraja. Kulikuwa na vilima vya kijani, laini, kimoja baada ya kingine.

"Watu wako wapi?" yule mama akauliza.

"Hapa hakuna watu, mama. Hawakuweka watu."

Akafikiri.

"Na waaskari?"

"Hakuna."

"Basi ni vizuri," akasema. Alibaki amesimama pale mpaka vilima vya kwao vikapotea nyuma ya bawa, akasema asante kwa Kinyarwanda, akatoka. Nilimsikia uani akifagia mahali alipokuwa ameshafagia.

Papa akaendelea kaskazini. Ziwa Edward likatokea upande wa kuume, kisha milima ya Lubero ikainuka, na akapandisha pua bila kuangalia kipimo chochote. Mimi nilikuwa na wasiwasi ambao sikuusema. Nilikuwa nimetafuta Butembo kwenye orodha ya viwanja na sikuiona. Aliyetengeneza mchezo ule hakujua kama kuna Butembo. Mji mzima, soko lake, kathedrali yake, barabara zake za matope mekundu, na mama yangu ndani yake, havikuwepo.

"Papa, kule hakuna kiwanja," nikasema hatimaye. "Hakuna hata mji."

"Ninajua niko wapi," akasema.

Alizunguka juu ya kilima kimoja ambacho kwangu kilikuwa sawa na vingine. Aliangalia mkunjo wa bonde, akaangalia kijito, akazunguka tena akishuka.

"Ni hapa. Nyumba ya marehemu dada ya mama yako iko pale chini. Pigia mama simu."

Nilipiga. Mungu alisaidia, mtandao ulikuwepo. Nikaweka sauti ya nje, simu karibu na mdomo wake, kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi.

"Mama, niko juu yako," akasema.

"Juu wapi?"

"Juu ya Butembo. Niko nazunguka. Nimepita Rutshuru, nimepita Lubero. Hali ya hewa ni nzuri."

Mama alikuwa na habari za kile kifaa. Nilikuwa nimemsimulia kuhusu vumbi, kuhusu gazi iliyokuwa kinyume, na alikuwa amecheka. Safari hii hakucheka. Tulisikia mlango, kisha sauti za nje, jogoo na watoto.

"Uko wapi, mama?" papa akauliza.

"Nimetoka inje."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia." Akapumua. "Ninajua ni muchezo. Najua kabisa. Lakini nimetoka."

Papa alizunguka mara moja zaidi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa imara. "Mafuta ni kidogo," akamwambia. "Wacha nirudi." Mama akamjibu, "Rudi polepole. Na ukule." Nikakata simu, nikaenda jikoni, nikawasha makaa ambayo hatukuyahitaji.

Tangu siku hiyo, kila umeme ulipotupatia nafasi, alikwenda Butembo. Mara nyingine alimpigia, mara nyingine alizunguka tu akarudi. Kilima kile hakikuwahi kuota hata nyumba moja. Nikimtazama kutoka nyuma, amenyooka kwenye kiti cha plastiki, nilitamani nami niwe na mahali ninapopajua hivyo, kiasi kwamba hata pakifutwa niweze kupazunguka. Mama yangu nilimtamani kwa namna ya kawaida zaidi. Nilitamani anikaripie kuhusu chumvi.

Kila Jumatatu nilitenga muda wa kufungua kitako na kufuta vumbi, kwa sababu vumbi la Goma halishindwi, na papa alinishikia skrubu kwenye kiganja cha kushoto.

Barabara ya kaskazini haikufunguka. Mama ndiye aliyechoka kungoja. Hakutuambia. Alipita Kasindi, akaingia Uganda, akazunguka kwa mabasi na kulala kwa watu asiowajua, akaingia Rwanda, na asubuhi moja akatupigia simu kutoka Gisenyi kwa namba ngeni.

"Niko hapa mpakani," akasema. "Muje na mutu wa kubeba. Nimeleta maharagi."

Papa alivaa shati jeupe, lile la kazi, lenye mahali pa kuweka alama mabegani. Tulisubiri kwenye kizuizi, katikati ya watu wanaoingia na kutoka na mabeseni ya nyanya. Alipotokea sikumtambua mara moja. Alikuwa amekonda, miguu yake imevimba ndani ya viatu vya kuazima, na begi dogo lilikuwa limegeuka kuwa gunia. Papa alimtambua kwa mwendo. Hawakukumbatiana, wao si watu wa kukumbatiana mbele za watu. Alimpokea gunia kwa mkono wa kuume, ule unaotetemeka, na maharagi yakawa yanalia ndani yake njia nzima.

"Mama, umenenepa," papa akasema.

"Weye ni muongo," akajibu. "Tembea."

Nyumbani alionja mboga yangu akaweka kijiko chini, akauliza kama chumvi imekatazwa Goma. Nililia nikicheka. Kesho yake papa alimkalisha mbele ya kompyuta, akamrusha mpaka juu ya ziwa. Mama aliangalia kidogo, akasema kichwa kinamzunguka, akaenda kuchambua maharagi. Papa hakumbembeleza. Alitua, akazima. Niliona baadaye kwamba hakuiwasha tena wiki ile, wala iliyofuata, na Jumatatu ilipofika hakukuwa na haja ya kufungua kitako.

Ningepaswa kufurahi tu, na nilifurahi. Lakini kuna asubuhi niliposimama jikoni nikasubiri kusikia akisema "Haya" na kuanza upya, na sikusikia, na nikaona kwamba nilikuwa nimepoteza kitu ambacho hakuna mtu ningeweza kumwambia.

Shule ilifunguliwa, nikarudi kufundisha. Mama wa Rutshuru alipanga chumba mtaa mwingine, bado anatutembelea. Uwanja wa ndege bado umefungwa. Jumapili moja baada ya misa, papa alisema anataka kupita upande ule kabla ya kurudi nyumbani, na mama, ambaye miguu yake haijapona sawasawa, alisema sawa. Tulikwenda polepole, sisi watatu, mpaka mahali ambapo ukisimama kando ya barabara unaona ndani kupitia waya.

Majani yalikuwa yameota kwenye nyufa za lami. Kile kitambaa cha kuonyesha upepo kilikuwa kimechanika chote, imebaki pete ya chuma ikizunguka juu ya mlingoti. Papa aliweka vidole kwenye waya. Kijana mmoja mwenye bunduki alitoka kwenye kivuli akatuambia hapa si mahali pa kusimama.

"Tunaenda, mutoto wangu," papa akamjibu. "Nilikuwa naangalia upepo tu."

"Upepo gani, muzee?"

"Unatoka ziwani. Angalia majani. Leo mutu angeondoka vizuri sana."

Yule kijana aliyaangalia majani, nasi tukayaangalia. Yalikuwa yakilala yote upande mmoja, kuelekea mlimani. Kisha mama akamshika papa kiwiko, akasema jua ni kali na maharagi yako motoni, tukageuka kurudi Katindo.